Kusoma jina la moduli: sarufi ya vifaa vya mtandao wa kasi

Ndugu wasomaji wa jarida hili mmezoea kukuta humu mambo ya ngeli, ya methali na ya majina ya mahali. Safari hii naomba tusome maandishi ya namna nyingine: 10GBASE-LR. Hukaa katika karatasi za bei ambazo wauzaji wa vifaa vya kompyuta huleta vyuoni, kati ya bei ya swichi na bei ya kabati, na kwa kawaida hakuna anayeuliza maana yake. Mkubwa anatazama jumla iliyo chini ya karatasi, anaomba ipunguzwe kidogo, anatia sahihi. Lakini jina hilo limeundwa kwa mofimu, na kila mofimu ina bei yake. Aliyejifunza kukata "hawatatupikia" vipande saba, akajua kila kipande kinafanya kazi gani, anaweza kulikata na hili.

Sisi wa lugha za Kiafrika tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Kazi yetu inazaa sauti: ngano, mahojiano, nyimbo za msibani, orodha za maneno zilizosomwa na wazee. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa njia mbili, kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, inachukua gigabaiti 2 na kidogo. Mkusanyo wa saa 960 hivi unajaza terabaiti 2. Sasa tuseme mkusanyo huo uko kwenye diski inayoanza kuchoka, na tunataka nakala yake ikae katika jengo jingine. Kwa njia ya megabiti 100 kwa sekunde, hesabu ya karatasi inatoa saa 44. Kwa gigabiti 1, saa 4 na nusu. Kwa gigabiti 10, chini ya nusu saa. Mahali ambapo umeme hauna hakika ya kukaa mchana kutwa, saa 44 ni kazi itakayokatika katikati mara tatu au nne, na kila mara mtu atalazimika kuchunguza ni faili gani zimefika nzima na zipi zimefika nusu. Saa 4 na nusu mtu anaweza kuzipata kati ya asubuhi na adhuhuri.

Kabla ya jina lenyewe, tutenganishe maana mbili za neno "moduli", kwa sababu ndipo machafuko ya kwanza yanapoanzia. Swichi ni kifaa kinachopokea vifurushi vya habari kwa mlango mmoja, kinasoma anwani ya kila kifurushi, kisha kinakitoa kwa mlango unaofaa. Swichi ndogo huja imekamilika, na milango yake 24 au 48. Swichi kubwa ni sanduku lenye nafasi tupu, na mnunuzi hulijaza kadi. Kila kadi inaleta milango yake. Kadi hiyo huitwa moduli. Kisha kuna kitu kidogo, chenye ukubwa wa kidole au kuzidi kidogo, kinachochomekwa ndani ya mlango ili kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Nacho huitwa moduli. Mafundi niliowasikia Lubumbashi hutumia neno lile lile la Kifaransa kwa vyote viwili na kuelewana kwa kuonyesha kwa mkono, msaada ambao karatasi ya bei haina. Katika makala haya kile kikubwa nitakiita kadi, na kile kidogo nitakiita moduli.

Lugha inayosemwa na vifaa hivi inaitwa Etheneti. Ilibuniwa Marekani mwaka 1973, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto. Bob Metcalfe, mmoja wa waliyoibuni, alichukua jina kutoka kwa etha, kile kitu kisichoonekana ambacho wanafizikia wa karne ya 19 walidhani kinabeba mwanga, na ambacho jaribio la Michelson na Morley la 1887 halikukiona. Mtandao ule wa kwanza ulikuwa na mwendo wa megabiti 2.94 kwa sekunde. Tangu 1983 kanuni zake zinaandikwa na IEEE chini ya nambari 802.3, na kila kasi imepata sura yake: megabiti 100 mwaka 1995, gigabiti 1 mwaka 1998, gigabiti 10 mwaka 2002, gigabiti 40 na 100 mwaka 2010, gigabiti 400 mwaka 2017.

Turudi kwa 10GBASE-LR na tuanze na kile kinachofanana na mzizi. BASE inasema kwamba ishara inawekwa moja kwa moja kwenye waya, bila kupandishwa juu ya wimbi jingine kama vituo vya redio vinavyofanya. Zamani kipande hiki kilikuwa na mpinzani: mwaka 1985 kulikuwa na aina iliyoitwa 10BROAD36, iliyopandisha ishara juu ya wimbi katika kebo za namna ya televisheni. Mpinzani huyo alitoweka. Leo, katika orodha yoyote ya bei utakayoletewa, BASE haitofautishi kitu na kitu. Imebaki kama kisukuku ndani ya neno. Kwa hiyo kile kinachofanana na mzizi ndicho kisichobeba habari, na habari yote iko katika viambishi.

Kiambishi awali ni kasi. Herufi G ikiwepo, soma gigabiti. Isipokuwepo, soma megabiti. Ndiyo maana 1000BASE na 1G ni kasi moja kwa maandishi mawili.

Viambishi tamati vina utajiri zaidi. Herufi ya kwanza inataja njia na umbali: T ni waya wa shaba uliosokotwa jozi jozi, S ni mwanga wa umbali mfupi, L ni mwanga wa umbali mrefu, E ni umbali uliorefushwa tena. Herufi ya pili inataja namna biti zinavyovalishwa kabla ya kutoka. X ni vazi la zamani, ambapo kila biti 8 hutoka zikiwa 10. R ni vazi jepesi, ambapo kila biti 64 hutoka zikiwa 66. Hivyo moduli ya gigabiti 10 yenye R kwa kweli hutuma gigabiti 10.3125 kwa sekunde. Kile kinachozidi ni gharama ya mavazi. Baada ya herufi hizo huweza kuja nambari: 40GBASE-SR4 ina njia nne za gigabiti 10 zinazokwenda sambamba.

Nambari hiyo ya mwisho ina historia ambayo mwanafunzi wa semantiki ataipenda. Katika 10BASE5 ya zamani, 5 ilimaanisha mita 500. Katika 10BASE2, 2 ilitakiwa kumaanisha mita 200, ingawa kanuni yenyewe iliishia mita 185. Baadaye umbali ukahamia kwenye herufi, na nambari ikapewa kazi ya kuhesabu njia. Nafasi ile ile ndani ya neno, maana nyingine kabisa.

Na kuna alomofu. Katika 40GBASE-SR4, ile 4 inatimizwa kwa nyuzi za kioo nane: nne za kwenda na nne za kurudi, zote katika kichwa kimoja kipana. Katika 40GBASE-LR4, ile 4 inatimizwa kwa rangi nne za mwanga zinazopita pamoja katika uzi mmoja wa kwenda, na nyingine nne katika uzi mmoja wa kurudi. Tofauti hii inagusa mfuko. Mlango wenye SR4 unaweza kugawanywa uwe milango minne ya gigabiti 10, kwa kebo yenye kichwa kimoja upande huu na vichwa vinne upande ule. Mlango wenye LR4 haugawanyiki hivyo, kwa sababu rangi zimeshachanganywa ndani ya uzi mmoja. Mtu aliyesoma 4 bila kutazama herufi iliyotangulia atanunua kebo ya mgawanyo isiyo na mahali pa kuchomekwa.

Hapo tumefika kwenye upatanisho. Katika Kiswahili cha Lubumbashi mtu husema "kitabu yangu" na hakuna anayepotea; upatanisho wa ngeli umelegea, lakini masikio ya msikilizaji yanajaza pengo. Milango ya waya wa shaba nayo ina adabu fulani ya mazungumzo. Ikiunganishwa, kila upande hutangaza kasi unazozijua, kisha pande zote mbili huchagua kubwa kuliko zote wanayoshirikiana, kama wasafiri wawili ndani ya basi wanaopimana kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa kabla ya maongezi kuanza. Moduli za mwanga za gigabiti 10 hazina desturi hiyo. Ama zimepatana tangu dukani, ama taa haiwaki.

Zinapaswa kupatana katika nini? Kasi kwanza. Kisha urefu wa wimbi la mwanga: SR huzungumza kwa nanomita 850, LR kwa 1310, ER kwa 1550. Kisha vazi la biti: kuna jamaa wa LR anayeitwa LW, mwenye mwanga ule ule lakini vazi lililofanywa lifanane na mitambo ya makampuni ya simu, na hawa wawili hawaelewani. Kisha aina ya uzi wa kioo. Uzi wa njia nyingi una kiini cha mikromita 50, au 62.5 kwa ule wa zamani; uzi wa njia moja una kiini cha mikromita 9 hivi. Fundi huwatambua kwa ngozi: njano ni wa njia moja, machungwa ni wa njia nyingi wa zamani, na rangi ya maji ya bahari ni wa njia nyingi wa kisasa zaidi, uitwao OM3 au OM4.

Nyaya za machungwa zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndizo zimelala tayari ndani ya kuta za majengo mengi yaliyofungwa mtandao miaka ya nyuma. Kwa 1000BASE-SX, uzi wa namna hiyo ulifika mita 275, na ule wenye kiini cha 50 ulifika 550. Muuzaji atasema: uzi upo, badilisha moduli tu, mtakuwa na kasi mara kumi. Lakini 10GBASE-SR juu ya uzi wa zamani wa 62.5 hufika mita 33 tu, na juu ya ule wa machungwa wenye kiini cha 50 hufika mita 82. Juu ya OM3 hufika 300, juu ya OM4 hufika 400. Kiambishi S hakikubadilika kati ya SX na SR, na bado "fupi" ya mwaka 1998 si "fupi" ya mwaka 2002. Anayepanga lazima aulize ngozi ya uzi ina rangi gani na maandishi yaliyochapwa juu yake yanasemaje, kabla ya kuuliza bei ya moduli.

Kwa kuwa waliona watu wengi wamekwama na uzi wa zamani, mwaka 2006 wakaongeza 10GBASE-LRM, inayopita kwenye uzi wa njia nyingi hadi mita 220. Jina linaonekana kama LR iliyoongezewa kitu, na mnunuzi hudhani LRM upande mmoja itapatana na LR upande wa pili. Haipatani. M hapa inafanya kazi kama ile -i- ya "pikia": umeongeza sauti moja, na mpangilio wote wa nani anafanya nini kwa nani umebadilika.

Kuna pia upatanisho wa kinyume. Moduli zinazotumia uzi mmoja tu, kwenda na kurudi, huuzwa kwa jozi zisizofanana: moja inatuma kwa nanomita 1270 na kusikiliza kwa 1330, mwenzake anafanya kinyume. Ukinunua mbili zilizo sawa kabisa, zote zitasema na kusikiliza mahali pamoja, na hakuna itakayosikia. Ni kosa linalomnasa mtu mwangalifu, yule aliyeandika "vipande viwili vya aina moja" akidhani anajikinga.

Na nguvu ya sauti? LR, inayofika kilomita 10, unaweza kuiweka kwenye uzi wa mita 5 bila madhara. Nguvu yake kubwa kabisa ya kutuma haizidi kile ambacho mwenzake anaweza kupokea. ER, ya kilomita 40, hutuma kwa nguvu inayoweza kuzidi kwa desibeli 5 kile ambacho mpokeaji anavumilia. Juu ya uzi mfupi unahitaji kipande cha kupunguza mwanga. Anayenunua ER kwa majengo yanayotazamana, kwa kudhani kubwa ndiyo bora, amelipia kelele halafu akalipia na pamba ya masikio.

Kitu kimoja ambacho hakihitaji kupatana ni umbo. Moduli za gigabiti 10 zimebadilisha miili mara kadhaa: XENPAK iliyokuwa kubwa kama kiganja, kisha X2, XFP, na SFP+ ya leo yenye upana wa kidole. Mlango wa X2 haupokei XENPAK. Lakini LR iliyo ndani ya XENPAK huzungumza vizuri na LR iliyo ndani ya SFP+ upande wa pili wa uzi, kwa sababu kinachopita kati yao ni mwanga wa 1310 wenye vazi la R. Hili linaokoa fedha: si lazima kubadilisha pande zote mbili siku moja.

Sasa tuingie ndani ya sanduku kubwa, maana huko kuna upungufu ambao jina la moduli haliutaji. Nachukua mfano wa Cisco Catalyst 6500. Lilitoka mwaka 1999, likajaa katika vyuo na makampuni ya dunia nzima, na siku hizi linauzwa likiwa limetumika, kwa bei inayomfanya mtu aone amepata bahati. Katika 6509 kuna nafasi 9. Kadi ya usimamizi, iitwayo Supervisor 720, hukaa katika nafasi ya 5 au ya 6. Ukiweka mbili, moja inafanya kazi na nyingine inasubiri. Ile 720 ni jumla ya gigabiti inazopitisha ndani kwa sekunde: njia 18 za gigabiti 20, zikihesabiwa kwenda na kurudi. Yaani kila sentensi imehesabiwa kinywani na ikahesabiwa tena sikioni. Ni desturi ya wauzaji, na haina uongo ndani yake, ila msomaji agawanye kwa mbili.

Kila nafasi ya 6509 inapata njia mbili kati ya hizo, basi gigabiti 40. Kadi ya WS-X6704-10GE ina milango minne ya gigabiti 10: nne mara kumi ni arobaini, kila mlango una haki yake. Kadi ya WS-X6708-10GE ina milango minane, kwa nafasi ile ile ya 40: wawili kwa mkate mmoja. Kadi ya WS-X6716-10GE ina milango kumi na sita: wanne kwa mkate mmoja. Kadi hii ya mwisho ina namna mbili za kuwekwa. Katika namna ya kwanza milango yote inawaka, na kila kundi la milango minne linagawana gigabiti 10. Katika namna ya pili, katika kila kundi mlango mmoja tu unatumika, na huo mmoja unapata kasi yake yote; kadi ya milango kumi na sita inakuwa kadi ya milango minne. Karatasi ya bei itaandika "milango 16 ya gigabiti 10", na kila neno litakuwa kweli.

Kaka yake mkubwa, 6513, ana nafasi 13, na mnunuzi hufikiri zaidi ni bora. Lakini njia 18 hazitoshi kumpa kila mmoja mbili. Kwa Supervisor 720, nafasi ya 1 hadi ya 8 zina njia moja tu, na nafasi ya 9 hadi ya 13 zina mbili. Kadi ya 6704 inadai njia mbili. Itakubaliwa katika zile tano za chini tu. Kwa hiyo sanduku dogo linabeba kadi nyingi za kasi kuliko kubwa.

Kugawana si dhambi. Watu 24 hawapakui faili kubwa kwa sekunde ile ile, kama vile darasa zima halisemi kwa pamoja. Lakini mgawanyo unazidishana kila unapopanda ngazi. Chumba chenye kompyuta 24 za gigabiti 1, zikipanda kwa uzi mmoja wa gigabiti 10, kimegawana kwa 2.4. Uzi huo ukiingia kwenye 6716 yenye milango yote inayowaka, zidisha kwa 4: sasa ni 9.6. Ukiingia kwenye 6704, inabaki 2.4. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: kati ya kompyuta ya mwanafunzi na diski ya kumbukumbu, njia inabanwa mara ngapi, na kwa kiasi gani kila mara?

Je, kitivo cha lugha kinunue sanduku kama hilo kwa sababu ni rahisi? Kwa maoni yangu hapana, na sababu yangu ni umeme. Sanduku lenye kadi ya usimamizi, feni na kadi nne hupita wati 1000 kwa urahisi, yaani zaidi ya kilowati-saa 24 kila siku, mchana na usiku, pamoja na joto la kuondolewa chumbani. Na ukiweka vyanzo viwili vya umeme vya wati 3000 ili kimoja kikifa kingine kiendelee, hesabu 3000, si 6000. Swichi ndogo ya milango 24 au 48 yenye milango minne ya SFP+ huishi kwa wati 100 au chini ya hapo. Betri zitakazoiweka hai wakati umeme umekwenda ni sehemu ndogo tu ya zile ambazo sanduku lingedai. Rahisi ya dukani inalipwa baadaye, kidogo kidogo, kwa betri na mafuta ya jenereta.

Basi tupange kwa ajili ya kitivo cha mfano: majengo mawili, njia ya kebo ya mita 350 kati yake, chumba cha kompyuta 24 katika jengo la kwanza, chumba cha kumbukumbu za sauti katika la pili. Mita 350 zinaondoa SR juu ya OM3. OM4 ingefika, lakini ikiwa ni lazima kuchimba mtaro, mimi ningelaza uzi wa njano. Uzi wa njia moja uliobeba gigabiti 1 ndio utakaobeba 10, na ndio utakaobeba 100 kwa 100GBASE-LR4. Moduli zitabadilika, mtaro hautachimbwa tena. Moduli za LR huwa ghali kuliko za SR, ndiyo, lakini hapa tunahitaji chache.

Ngapi? Kila uzi una ncha mbili, basi moduli huhesabiwa kwa jozi. Njia mbili kati ya majengo, moja ikiwa akiba ya nyingine, ni moduli nne. Ongeza ya tano ikae kabatini. Usitegemee njia mbili zitafanya nakala moja iende mara mbili upesi: swichi kwa kawaida huweka mazungumzo ya kompyuta mbili kwenye njia moja, ili vifurushi visipishane. Faida ni kwa watu wengi kwa pamoja.

Na kwenye meza za wanafunzi, gigabiti 1 inatosha. Diski ya kawaida inayozunguka husoma megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde, ambayo ni gigabiti 1.2 hadi 1.6. Kuipa gigabiti 10 ni kumpa mtu mmoja anayeongea polepole vipaza sauti kumi. Ile nusu saa niliyoitaja mwanzoni inawezekana kwa diski za haraka tu, au kwa diski nyingi zinazosoma pamoja. Fedha za gigabiti 10 ziende kati ya majengo na kwenye seva ya kumbukumbu, zisiende mezani.

Kabla ya kutia sahihi kuna jambo la mwisho la kuuliza, na jina la moduli haliligusi. Ndani ya kila moduli kuna kumbukumbu ndogo iliyoandikwa jina la aliyeitengeneza. Baadhi ya swichi husoma jina hilo, na zikikuta la mgeni huufunga mlango, hata kama mwanga, kasi na vazi vinapatana kikamilifu. Wanaisimu tunakijua kisa hiki kutoka kitabu cha Waamuzi, pale penye vivuko vya Yordani, ambapo mtu alipimwa kwa kutamka "shibolethi". Swichi nyingine zina amri ya kuruhusu wageni, nyingine hazina. Muuzaji aandike kwenye karatasi, kwa mkono wake, kama swichi anayoileta inapokea moduli za watengenezaji wengine, maana moduli ya tano itakapohitajika baada ya miaka mitatu, huenda itapatikana kwa mtengenezaji mwingine tu.

Nimejaribu kuandika mpango huo kwa sentensi kamili za Kiswahili badala ya jedwali, na sentensi zimetoka hivi: "Mlango wa 25 wa swichi ya jengo la kwanza una moduli ya 10GBASE-LR yenye umbo la SFP+. Unaongea na mlango wa 25 wa swichi ya jengo la pili, wenye moduli ya 10GBASE-LR yenye umbo la SFP+, kupitia jozi ya kwanza ya uzi wa njano, mita 350." Ni ndefu kuliko jedwali. Lakini kitenzi "unaongea na" kinamlazimisha mwandishi kutaja pande zote mbili, na pale ambapo pande hazipatani, hata katibu asiyejua mtandao ataona kwamba herufi za mwisho hazifanani, atauliza.

Sentensi ya mwisho ya mpango inahusu vumbi. Kiini cha uzi wa njano ni mikromita 9, na punje moja ya vumbi la kiangazi inatosha kuziba mwanga, au kukwaruza kioo unapoisukuma ndani. Vile vifuniko vidogo vya plastiki vinavyokuja na moduli vihifadhiwe katika mfuko wenye jina, ndani ya kabati, na kila ncha isiyochomekwa ifunikwe siku hiyo hiyo.